Pampu ya Umeme kwa Gari la Kusukumwa

Juzi nilifuata plagi kwenye duka la spea, Majengo. Mbele yangu mzee mmoja wa Gulwe aligonga kaunta: "Nipe pampu ya petroli ya umeme, hii mpya ya Dubai."

Mama muuzaji hakuigusa. "Shikamoo, baba. Gari lako unaliwashaje?"

"Marahaba. Wananisukuma. Betri imechoka."

Mama akashusha pampu ya kawaida, akaubonyeza mkono wa pampu hiyo kwa dole gumba, ikapumua. "Hii inaendeshwa na injini yenyewe. Wakikusukuma, petroli inapanda kwenye kabureta. Ile ya umeme, bila betri, watakusukuma mpaka Mpwapwa."

Mzee akacheka, akachukua hiyo ya bei nafuu.

Tangu milango ya biashara huria ifunguliwe, maduka ya kutuuzia yamejaa. La kutuuliza kwanza, nimeliona hilo moja.