Mtulinga Ulioamuliwa Koridoni

Wateja walimwita Vidole, maana akishika kichwa chako asubuhi, kabla ya adhuhuri umeshatoka na mistari iliyonyooka kama ya daftari. Miaka kumi na tisa alisuka amesimama nyuma ya kiti kile kile, mikono juu.

Siku moja alijikwaa kwenye waya wa draya, akaangukia bega. Hospitalini alichomwa sindano ya maumivu, akasinzia. Alipozinduka, mkono ulikuwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa.

"Mtulinga umevunjika, huu mfupa wa kati ya shingo na bega," mumewe alimwambia. "Daktari anasema utaunga wenyewe. Pole, mama watoto."

Vidole akakubali. Wifi yake alimwogesha na kumvalisha wiki sita, zikawa kumi na mbili. Mfupa haukuunga. Kila alipoinua kitana, alisikia ncha mbili zikisagana chini ya ngozi.

Mwezi wa saba tangu aanguke, alikwenda kwa daktari mwingine. Huyo akatazama picha ya siku ile, akauliza, "Vipande vilipandana hivi, nanyi mkachagua kitambaa badala ya upasuaji?"

"Kuchagua nini?"

Daktari akamsomea faili: mume ameelezwa njia zote mbili, amekataa upasuaji.

Nyumbani alimkuta mumewe akipiga pasi.

"Uliulizwa?"

Mume hakujifanya haelewi. "Koridoni, ulipokuwa umesinzia. Walisema wengi hupona bila kisu, na kisu nacho kina hatari zake. Mimi na kisu, unanijua. Sikutaka kukutia hofu."

"Bega la nani?"

Pasi ikaunguza kola.

Mwezi uliofuata alipasuliwa. Wakachukua mfupa kidogo nyongani, wakaupachika, wakakaza chuma kwa skrubu. Ukaunga. Lakini bega lilikuwa limeshakakamaa. Mkono ukifika sikioni, basi. Siku hizi husuka watoto tu, wakiwa wameketi sakafuni, kichwa kimoja kwa siku.

Daktari hakumficha: hata angeulizwa Vidole mwenyewe, huenda angechagua kitambaa, kama wengi.

"Huenda," alijibu. "Ningekosea mwenyewe."

Wifi akajaribu kumtuliza. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Najua. Nasema tu nani aliyeyamwaga."

Alipopewa kadi mpya ya hospitali, palipoandikwa mtu wa kuulizwa mgonjwa akiwa hajiwezi, aliandika jina la wifi. Mumewe aliisoma kadi yote, mbele na nyuma, akairudisha mezani, akaenda kuteka maji.