Kifandugu na Daktari wa Simu ya Wifi

Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2015, niliteleza nikishuka kutoka kwenye fuso la viazi lililotoka Ibaba, nikaangukia jiwe kwa makalio. Kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, kiliumia. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwenye duka hapa Tunduma na wa kwanza katika ukoo kumiliki simu ya kupangusa, aliniletea daktari wa kwenye video ndani ya simu hiyo. Mtu yule alivaa koti jeupe. Alifundisha kwamba mfupa uliopinda hunyooka mtu akikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akajisukasuka robo saa asubuhi na jioni.

Nilisoma nikiwa mtu mzima. Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1991 nilikuwa mama wa watoto watatu. Aliyesoma hivyo humheshimu kupita kiasi yeyote anayesimama mbele na kufundisha. Nilimtii mtu yule siku kumi na tisa, mpaka nikawa siinuki kitandani bila kushikwa mkono.

Tabibu wa zahanati aliniuliza nilivyoanguka, akanipima, akanikataza kukalia kitu kigumu. Niketipo niinamie mbele, nyuma niache nafasi ili mfupa usigusane na chochote. Video haikuwa imeniuliza lolote, na iliponidhuru haikuwa na mlango wa kubisha hodi. Nilipomweleza wifi, alijibu kwamba daktari wa simu hutazamwa na maelfu, tabibu yule nani anamtazama?

Tarehe 23 Mei mama mkwe alifariki. Katika ukoo wetu, mjane wa mtoto wa marehemu huketi mkekani pamoja na mabinti wa nyumba hadi matanga yaondolewe. Akiketi kitini, huhesabiwa kuwa amejitoa ukooni. Wifi alilijua hilo, akaniwekea kiti mlangoni. Nilikipita. Nilisokota khanga mbili kuwa ngata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, nikaiacha wazi upande wa nyuma, nikaikalia.

"Kitu cha kichwani unakikalia kwenye msiba wa mama yangu?" wifi aliuliza, wanawake wote wakisikia. "Daktari alikuonyesha namna ya kukaa, ukamdharau."

"Wifi, nilimtii. Ndiyo maana nimekaa hivi."

"Hayo ni majivuno tu."

"Basi yaache. Yamekaa mkekani, kama ya kwako."

Shangazi wa mume wangu, mkubwa wa msiba upande wa wanawake, hakumtazama yeyote kati yetu. Alivuta mkeka wake kando, akaniambia, "Mkwe, njoo hapa. Ukichoka, niegemee."

Wifi alinipa mgongo siku zote za msiba. Matanga yalipoondolewa Jumatano, tarehe 27 Mei, niliinuka mwenyewe, taratibu, nikiwa bado mkwe wa nyumba ile. Hajaniomba radhi, na dukani kwake sijakanyaga.