Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifedheheshwa mbele za watu, na sababu ilikuwa mkono wangu.

Nilikuja Guangzhou, China, kununua viatu katika soko la Zhanxi, kama Watanzania wengi wa pale jengo la Tianxiu. Nyuma ya jengo palikuwa na ukumbi wa swingi, dansi ya watu wawili ya muziki wa jazi. Nilijifunza mwaka mzima, nikaajiriwa mwalimu msaidizi. Katika swingi mmoja huongoza, mwenzake hufuata. Anayeongoza hutoa mkono wa kushoto, anayefuata huweka wa kulia juu yake. Asubuhi ile wanaume walipungua, laoban, yaani bosi wetu, akaniambia niongoze.

Mimi mtoto wa Tanga. Nilichapwa nikiwa mdogo kwa kumpa mtu mkono wa kushoto. Basi wa kulia ukatoka wenyewe, mwanafunzi naye akatoa wake wa kulia, tukasimama kama watu wanaopeana pole msibani.

"Bu xing!" laoban akafoka. Haiwezekani. "Mwanamke kazi yake kufuata. Nenda kapange viatu!"

Nikavipanga, tena nikabandika ngozi laini chini ya soli, maana mpira hung'ang'ania sakafu na kuumiza magoti. Wanafunzi wakishaondoka, nilinyoosha mkono wa kushoto mbele ya kioo. Mwanzoni niliona aibu, sifichi.

Bi Mwanaidi, Mzanzibari mwenye ofisi ya mizigo ghorofa ya chini, akanifuma.

"Zuhura mwanangu! Wampa nani huo wa kushoto? Wazee wako wakuone!"

"Shikamoo, Bibi. Waje tu waone, nitawafundisha."

Mara tatu niliomba kuongoza, mara tatu nikajibiwa bu xing. Nikaondoka. Nikakodi chumba Zhanxi, juu ya maduka ya viatu, nikaandika mlangoni kwamba hapa anaongoza mwanamke. Wiki ya kwanza walikuja wawili, mmoja akacheka akaenda zake. Yule aliyebaki nilimzungusha hadi akasahau njia ya mlango. Kesho yake akaleta mkewe, mkewe akaleta mashoga zake, na chumba kikawa hakitoshi. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza swingi katika mitaa ile, na asiyependa anune.

Miaka ilipita, laoban akanirudisha kwa barua, nikiwa mwalimu mkuu. Hakuomba radhi. Nami sikumngoja aombe.

Sasa magoti yamegoma, nimestaafu. Siku ya kuniaga ukumbi ulijaa, Bi Mwanaidi amekaa mbele na mkongojo wake. Laoban, mvi tupu, akanijia akinyoosha mkono wa kushoto.

"Mwalimu, dansi ya mwisho. Leo nikuongoze mimi, kwa heshima."

Nilikasirika, halafu nikacheka.

"Bu xing," nikamwambia, nikanyoosha wa kwangu wa kushoto.

Mikono miwili ya kushoto ikabaki hewani, na mimi sikuushusha wangu.

"Usimpe mwingine, mwanangu!" Bi Mwanaidi akapaza sauti. "Huo huo!"

Laoban akautazama mkono wangu. Kisha akaushusha wake, akaweka wa kulia juu ya wangu.