Bisibisi Mbili, Injini Moja

Nilipomwona Mjomba kwa mara ya kwanza baada ya kumaliza chuo, nilidhani shingo inamuuma. Alikuwa amesimama uani, kichwa kakilaza begani kama mtu aliyebana simu, mikono yote mfukoni. Nilimpa pole. Akaniambia ninyamaze. Alikuwa anasikiliza gari.

Gari lenyewe ni la kupandia milima, linasukuma magurudumu yote manne, lina madigadi ya bati na boneti inayofungwa kwa mkanda wa ngozi. Ni la zamani kuliko mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa. Ujana wake wote Mjomba aliwaendeshea wapima ardhi gari hilo, na alipostaafu akalinunua kwenye mnada. Mtaani wanamwita Taimingi, kwa sababu ukimlalamikia chochote, tumbo au taa inayozimika, hujibu, "Hiyo ni taimingi tu."

Wiki niliyofika hakuwa na mzaha. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika. Nyumba yake iko juu ya mlima, mwisho wa njia ya mawe ambayo teksi huishia chini yake. Gari la Mjomba ndilo lililomshusha, na lilipofika lami likaanza kukohoa. Tangu hapo halikuwa zima. Daktari aliahidi kumruhusu Ijumaa. Ndugu wengine walikwisha kumpangia Bibi chumba mjini, na sote tulijua kwamba akiingia chumba hicho hatarudi tena kwake. Kubebwa alikataa.

"Mimi si kabati," alisema. "Kama gari la mwanangu halipandi, semeni, nilie mara moja yaishe."

Jumatatu Mjomba aliliwasha. Likapiga chafya kupitia kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, na ulimi wa moto ukachungulia.

"Ni taimingi, cheche inakuja wakati si wake," alisema. Akalegeza distributa, kile kikombe kinachogawia plagi umeme, akaizungusha upana wa ukucha, akakaza. Chafya zikapungua. Akaenda kunawa huku akipiga mluzi.

Asubuhi yake gari lilitoa moshi mweusi uliotua kwenye nguo za jirani.

"We Taimingi!" jirani alipiga kelele ukutani. "Nimefua au nimechoma mkaa?"

Mjomba alikuna kichwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa, petroli ni kazi ya kabureta, na kabureta hakuigusa. Akafungua plagi, akazikuta nyeusi kama kitako cha sufuria. Akazisafisha, akarudisha distributa ilipokuwa, ili aanze upya. Siku iliyofuata moshi ulikwisha, lakini chafya zilirudi. Akaizungusha upande mwingine. Gari likaenda vizuri mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Asubuhi likagoma hata kuwaka.

Jioni ya jana yake nilikuwa nimechora alama ya chaki kwenye distributa na nyingine kwenye injini, nione kama kuna kinachosogea. Chaki ilisema hakuna. Injini ilisema kipo. Tulitazamana na Mjomba kama watu walioshuka kituo kisicho chao.

"Labda petroli chafu, Mjomba?"

"Basi na mimi mchafu, maana nimeichuja kwa fulana yangu."

Alhamisi mchana aliweka spana mezani kando ya sahani. "Nimeshindwa. Naitoa kabureta nzima, naipeleka kwa fundi mjini. Mama itabidi akae kwenye hicho chumba."

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na chumba chake cha kushonea kinatazamana na ua, aliacha kutafuna.

"Usiitoe."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nimeshaipunguza."

"Umepunguza nini?"

"Ile skrubu ya petroli. Jumatatu niliifungua ikatoa moshi, juzi nikaifunga. Jana nikaifungua tena kidogo. Ukienda kunawa ndiyo naingia. Injini ina njaa, baba watoto, inalia mpaka chumbani kwangu, na wewe unazungusha kikombe tu!"

"Kwa bisibisi gani?" Mjomba aliuliza, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu.

"Ya cherehani."

"Mwanamke, nusura uniue kwa mawazo!"

"Na mimi je? Nikiiacha nzuri, asubuhi naikuta mbovu. Nikasema masikio yamezeeka."

Mjomba alicheka mpaka akamwaga maji, akakasirika, akacheka tena. Kisha walitoka wote wawili, chakula kikabaki mezani. Walikubaliana kwamba mmoja akigusa, mwingine asiguse. Skrubu ilifungwa polepole hadi mwisho, ikafunguliwa kidogo, ikaachwa. Mjomba akapanga cheche, akakaza distributa.

"Mikono juu!" mkewe aliamuru, naye akainua. Ndipo mkewe akainama kwenye kabureta, akaizungusha skrubu macho yakiwa yamefumbwa, mpaka mngurumo ukanyooka.

Jioni walilijaribu mlimani, mimi nikiwa nyuma. Kwenye kona ya pili lilipiga chafya moja, likaendelea hadi juu.

"Hiyo ya kwako," Mjomba alisema.

"Ya kwako hiyo. Yangu huwa ina moshi."

Walibishana hadi nyumbani. Ile chafya ni ya nani, na ni nini hasa kilicholiponya gari, hakuna anayejua. Na wote wawili wameogopa kugusa tena.

Sasa ni Ijumaa. Naandika haya nikiwa kiti cha nyuma, kando ya godoro lililokunjwa, mbele ya mlango wa hospitali. Mjomba hataki kuzima injini.

"Mzee, hapa kuna wagonjwa," mlinzi amekuja kulalamika.

"Nikizima utasukuma wewe, mwanangu?"

Mlinzi ameliangalia gari, ameiangalia njia, amerudi kwenye kiti chake. Mkewe Mjomba ameegemea dashibodi, anasikiliza. Injini inanguruma, inasita, inanguruma. Nyuma ya kioo muuguzi ametuashiria kwamba Bibi anavaa viatu. Mjomba ameshaingiza gia, mguu uko kwenye klachi, na sote watatu tunautazama ule mlango.