Pikapu Iliyouzwa Kuliko Zote

Wewe unayesoma, umewahi kuuza kitu kwa kusema ukweli mtupu? Kama hujawahi, usimcheke Ludovick.

Mwaka ule wa tisini na tano, soko huria lilikuwa limewatema watu kutoka mashirika ya umma kama miiba ya samaki. Ludovick alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na minne alikuwa karani wa takwimu katika shirika la usafirishaji, kisha siku moja wakaambiwa shirika halipo. Sasa alikuwa akiuza pikapu za Hamada katika duka lenye kuta za vioo, barabara ya kwenda Hombolo. Aliamini jambo moja tu: mteja akipewa takwimu sahihi, ataamua sahihi. Majirani zake waliouza pikapu za Tanaka na Brenner waliamini soda baridi na uongo.

Miezi mitatu ikapita bila kuuza hata moja. Jumatatu, meneja wake, Bi Mwamvua, akapiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Ludo, Jumamosi saa sita mchana ikifika halijatoka gari hapo, nafunga tawi. Utafute shughuli nyingine."

"Nina chati, bosi."

"Chati hailipi pango."

Chati hiyo aliichora mwenyewe kwa kalamu za rangi: mauzo ya pikapu za mizigo mizito nchini kwa mwaka uliopita. Hamada ilikuwa nguzo nyekundu ya mia tatu na kumi na mbili, imepanda hadi ukingo wa karatasi. Tanaka, mia na arobaini. Brenner, sitini na moja, kijinguzo cha kijani kifupi kama kisigino cha kiatu.

Ijumaa mchana akaingia Mzee Matonya, mfugaji wa kule Hombolo, pamoja na mdogo wake Batholomeo. Walikuwa wameuza ng'ombe mnadani, wanataka gari la kubeba mapipa ya maji na mahindi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu."

Wakaizunguka pikapu. Matonya akaipiga kofi ubavuni, akainama kuchungulia chini ya tumbo, akaisukuma aone inavyosimama. Batholomeo akafungua boneti, akakodoa macho ndani kama anayehesabu meno.

"Zuri," akasema Matonya.

Angenyamaza hapo, gari lingeondoka. Lakini Ludovick hakuweza kumwuzia mtu gari kwa neno moja. Akaifunua chati.

"Tazama, mzee. Hii yetu imeuzwa kuliko zote nchini."

Matonya akaitazama nguzo nyekundu kwa muda mrefu. "Zote hizi zimeuzwa?"

"Zote. Kwa mwaka mmoja."

"Na huyu mfupi?"

"Brenner. Hiyo haiuzwi sana."

Wazee wakaangaliana. Batholomeo akashusha boneti taratibu, kama anayemfunika marehemu.

"Mwanangu, kwenu wapi?" Matonya akauliza.

"Bukoba, mzee."

"Mna ng'ombe?"

"Nyumbani tuna migomba."

"Ndiyo maana. Ng'ombe anayejaza kibuyu asubuhi na jioni, ulishamwona mnadani? Anayepelekwa kule ni tasa, au anapiga mateke, au anakohoa. Sasa hili lako limeuzwa mara mia tatu. Linaumwa nini?"

Ludovick akaeleza tofauti ya gari kuuzwa na kiwanda na kuuzwa na mwenyewe. Akaeleza asilimia. Kila alivyozidi kueleza, wazee walizidi kusogea mlangoni.

"Kesho tunakwenda kwa huyu mfupi," Matonya akasema. "Inaonekana wenyewe wanamng'ang'ania."

Jioni ile Ludovick aliikunja chati. Kuichana alishindwa. Ilikuwa ya kweli.

Asubuhi, akiwa njiani kwenda dukani, akawaona wazee wale kwenye kituo cha mafuta. Kabla hajatoa fedha zake, Matonya alitaka kusikia kwa wenye magari. Kila pikapu iliyoingia aliisimamisha kwa fimbo.

"Unaliuza?"

Dereva wa Brenner akazima injini palepale. "Unatoa ngapi, mzee? Nakuongezea na tairi la akiba." Wa Tanaka alishuka kabisa, akaanza kufuta vumbi kwenye taa kwa shati lake.

Ndipo ikaingia Hamada moja iliyochubuka rangi, imejaa kreti za zabibu. Usukani ameshika Evodia, mfanyabiashara wa zabibu.

"Mama, unaliuza?"

"Nani kakwambia?"

"Nakupa bei ya jipya, na ndama juu."

"Mzee wangu, nimebadilisha waume wawili, gari ni hili hili. Hebu sogea nitie mafuta."

Ikafuata Hamada nyingine. Mwenyewe alipandisha kioo tu.

Matonya akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatikisa kichwa kukubali. Wakaweka fimbo mabegani, wakashika barabara kuelekea duka la vioo.

Ludovick alibaki ameduwaa, mpaka alipokumbuka kwamba duka limefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Wazee walikuwa wameshamwacha mbali, kwa zile hatua za watu walioswaga ng'ombe maisha yao yote. Akavua viatu, akavikumbatia pamoja na chati, akatimua mbio ili awahi kuwafungulia.