Alama ya Mafuta Chini ya Elandi

Siku ile ya mlimani nimeshaiandika mara tatu kwenye daftari. Mara ya kwanza niliandika kwamba alama ni yangu. Mara ya pili niliandika kwamba sijui. Mara ya tatu nilichana karatasi, kwa sababu kuna jambo moja nililiacha nje mara zote mbili, na nilijua kwa nini nililiacha. Hii ni ya nne. Shule niliishia darasa la sita, kwetu Uvira, kwa hiyo nikipotea katikati mnivumilie, lakini safari hii sitaacha kitu.

Wazo la kwenda lilikuwa langu. Nasuka nywele katikati ya mji hapa Durban, na mteja wangu mmoja, mwalimu, alinionyesha kwenye simu yake michoro iliyo kwenye mawe huko milima ya Drakensberg. Swala wakubwa wekundu, na watu wembamba kama njiti wanakimbia. Alisema waliichora wawindaji wa zamani sana, kabla ya mtu yeyote kulima huko. Ile picha ilikaa kichwani mwangu wiki nzima. Kundi letu la maombi, wamama wa mtaa wa Sydenham, hutoka mara moja kwa mwaka kwenda kuomba nje ya mji na kula pamoja. Nikasema, mwaka huu twende huko. Tutaomba mlimani na macho pia yatapata chake.

Mama wetu wa maombi alikubali, na akikubali yeye wote wamekubali. Niseme na hili: ndiye aliyenipokea nilipofika Durban na begi moja. Nililala kwake miezi saba. Hata kiti ninachofanyia kazi saluni, ni yeye aliyenitafutia. Nalisema ili mnaosoma mpime wenyewe.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa teksi ya kukodi, yale mabasi madogo ya hapa, wanawake kumi na mmoja. Dada mmoja alikuja na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

“Utaenda kwa Mungu na kichwa nusu?” wakamcheka.

“Mungu anaonaka moyo,” akajibu.

“Moyo ndiyo, lakini sisi tunaona hizo nywele.”

Basi nikammalizia kule nyuma ya teksi, barabara nzima, nikichovya vidole kwenye kopo la mafuta ya nywele kama kawaida yangu. Tulipofika nilijipangusa kwenye kitenge. Nilijipangusa vizuri kiasi gani, hapo ndipo sina hakika.

Getini palikuwa na daftari la wageni, na huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Wetu alikuwa dada mrefu, mwenyeji wa kijiji cha hapo chini, amevaa buti na kofia ya kitambaa. Alisema kwa Kiingereza na Kizulu, mimi nikitafsiri, kwa kuwa Kiingereza changu cha saluni ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko cha wengine. Alitupa masharti: tusivuke ubao uliowekwa mbele ya ukuta, tusiguse jiwe, tusimwage maji kwenye michoro ili ing'ae kwenye picha. Mafuta ya mkono, alisema, yanaingia ndani ya jiwe na hayatoki tena. Halafu akacheka kidogo.

“Mimi nina onyo moja tayari. Kundi fulani waliandika kwa mkaa nikiwa nawaangalia wenzao. Msinipe la pili, jamani. La pili ni kurudisha beji, na nyumbani kwetu anayefanya kazi ni mimi peke yangu.”

Nilitafsiri hilo pia. Wote waliitikia.

Tulipanda kama saa moja na nusu. Pale pahali si pango la kuingia ndani. Ni jiwe kubwa limeinama kama paa la baraza, na ukutani ndiko wanyama wako. Nilidhani nitaona kitu kikubwa. Ni wadogo. Yule swala, elandi wanamwita, ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni, lakini shingo yake, na ule uzito wa kifua, na mguu wa nyuma ulionyanyuka kidogo kama anataka kutembea... Aliyemchora alikuwa amekaa na kumwangalia. Nilisahau kutafsiri. Mbele yake alisimama mwingine, miguu ya mtu, kichwa cha mnyama.

“Huyu ni mtu ao ni nyama?” Mama akauliza.

Mwongozaji akaeleza kwamba ni waganga wa wale wawindaji, walicheza ngoma hadi wakajiona wanageuka wanyama. Nikatafsiri: waganga. Ningeweza kusema watu wa dua wa zamani, haingekuwa uongo mkubwa. Nilisema waganga, na uso wa Mama ukakunjamana.

“Umetuleta kwa waganga,” akaniambia polepole.

Hapo ndipo tukasikia sauti chini. Yule dada wa kichwa nusu ana pumu, alikuwa amebaki kwenye kona ya mwisho na mwenzake, na mwenzake sasa anaita kwamba hapumui. Mwongozaji akatazama njia, akatutazama sisi, akatazama ukuta. Nilimwona anapima.

“Mwambie Mama,” akaniambia, “namwomba yeye kama mkubwa. Asimruhusu mtu kuvuka ubao mpaka nirudi.”

Nikamtafsiria neno kwa neno.

“Mwambie aende,” Mama akasema. “Mimi niko hapa.”

Mwongozaji akashuka mbio.

Hilo ndilo nililoliacha nje. Endeleeni kulishika.

Mama alisimama kitambo, midomo ikicheza. Kisha akafungua mkoba akatoa chupa ndogo ya mafuta ya upako, yale ya zeituni tunayoyaombea, akavuka ubao. Ubao wenyewe ni mti mmoja uliolazwa usawa wa magoti. Wengine walikuwa wamefumba macho wakiomba. Nadhani ni mimi tu niliyemwona. Nikavuka nami nimrudishe. Ardhi pale ni vumbi na vijiwe, nikateleza, mkono wa kushoto ukaenda ukutani kunizuia. Nakumbuka ubaridi wa jiwe. Niliutoa haraka kama niliyeungua. Mama alikuwa pembeni yangu, mkono wa kulia umeinuliwa karibu kabisa na ukuta, macho amefumba. Kama aliugusa, sikuona. Nilimshika kiwiko, tukarudi upande wa pili.

Mwongozaji alirudi na mgonjwa wetu, kifua kimetulia. Alimkalisha, akampa maji. Halafu, kama anavyofanya kila siku kabla ya kushuka, akapiga picha ya ukuta. Akaitazama simu. Akaenda hadi kwenye ubao, akachuchumaa.

Chini ya mguu wa nyuma wa elandi kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, kama kiganja kilichofutika upande mmoja. Akatuonyesha picha ya asubuhi, ya kundi lililotutangulia. Asubuhi halikuwapo.

“Nani?” akauliza. Hakupaza sauti.

Macho yote yalikwenda kwenye chupa mkononi mwa Mama.

“Niliinua mkono,” Mama akasema. “Kuomba ni kuinua mkono.”

“Pengine ni maji ya jiwe lenyewe,” mmoja wetu akasema.

“Na yeye alituacha,” mwingine akaongeza, kwa Kiswahili, lakini mwongozaji alifahamu kutokana na kidole kilichomwelekea.

“Ni kweli,” akasema. “Niliwaacha.” Akakaa juu ya jiwe, kofia mkononi.

Hapo nilipaswa kusema mambo mawili: kwamba niliteleza, na kwamba mwongozaji alimwachia Mama kundi. Sikusema hata moja. Tukaanza kushuka.

Njiani Mama akanisubiri, akanishika mkono.

“Mwanangu. Wewe ulikuwa karibu yangu. Uliniona nikigusa?”

“Sikuona, Mama.”

“Hukuona kwa sababu sikugusa, ao hukuona tu?”

“Sikuona tu.”

Akauachia mkono wangu. Tulitembea hivyo hadi getini, yeye mbele, mimi nyuma, nikiangalia kiganja changu cha kushoto kama kitaniambia kitu. Kilikuwa na vumbi. Nilikinusa. Kilinuka mafuta ya nywele, lakini vidole vyangu siku zote hunuka hivyo, hata Jumapili.

Ofisini mwongozaji alitoa fomu. Alituambia wazi, bila kulia na bila kutishia: kama hakuna mtu anayesema ni yeye, doa linaandikwa kwa mwongozaji, na beji inarudi leo. Wamama wakaangalia sakafu. Wapo ambao karatasi zao za ukimbizi zimekaribia kuisha. Kuandika jina kwenye fomu ya ofisi si kitu kidogo kwao, na sitawahukumu. Yangu ilikuwa imebakiza miezi minne.

Nikasema, “Lete.”

Alinionyesha pa kuandika. Nilianza na “Labda mimi” nikasimama. Nilijua “labda” yangu ni ya kweli, na nilijua pia kwamba haimsaidii mwongozaji. Kwa “labda” doa linabaki lake. Nikakaa na kalamu muda mrefu. Mwisho nikakata neno, nikaandika yale ambayo mkono wangu ulijua: Nilivuka ubao. Niliteleza. Niligusa ukuta kwa mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa na mafuta ya nywele.

Swali lililofuata: mwongozaji alikuwa wapi? Nikaandika: Alishuka kumsaidia mwenzetu mwenye pumu. Hilo pia ni kweli. Na hapo nikaweka kalamu chini. Mama alikuwa mlangoni ananiangalia, na mimi sikuandika kwamba kuna mtu alikabidhiwa kundi. Mwongozaji alisoma, akafika mwisho, akanitazama kama anayesubiri mstari mwingine. Sikumpa. Akapiga muhuri.

Ndani ya teksi walinishukuru. Mmoja akasema nimeokoa kundi. Nilitamani anyamaze.

Siku tisa baadaye mwongozaji akanipigia mwenyewe. Alisema wamemsimamisha kazi. Doa limeandikwa kwa jina langu, lakini ofisi inauliza kwa nini aliacha wageni bila mtu wa kuwaangalia. Yeye anasema alimkabidhi mkubwa wa kundi. Kwenye fomu hakuna kitu kama hicho.

“Sitaki useme uongo kwa ajili yangu,” akasema. “Alhamisi watakupigia. Sema ulichosikia tu.”

Alhamisi Mama alikuwa kwenye kiti changu. Sikumpangia, ni siku yake; kila mwezi husukwa Alhamisi ya pili. Nilifikiria kuzima simu. Nilifikiria pia kutoka nje kuongea mtaani, na ile kelele ya teksi ingekuwa sababu nzuri ya kutosikia vizuri. Simu ilipolia mikono yangu ilikuwa ndani ya nywele zake, nikaiweka sauti ya nje kwenye rafu ya vitana.

Sauti ya mwanaume, ya adabu. Akauliza kama tulielezwa masharti. Nikasema ndiyo, yote, na nikayataja. Akauliza mwongozaji alikaa chini muda gani. Nikasema saa sikuiangalia, lakini ni kama muda wa kusuka mistari miwili, ile mirefu ya kwenda nyuma. Nadhani aliliandika hilo.

“Na kabla ya kushuka, alimwachia nani kundi?”

Nilisikia shingo ya Mama ikikaza chini ya vidole vyangu. Kiingereza chake ni kidogo lakini si kidogo kiasi hicho.

“Alimwachia mkubwa wetu,” nikasema. “Mimi ndiye niliyetafsiri. Mkubwa wetu alisema aende, yupo pale. Sikuandika kwenye fomu. Nilikumbuka, sikuandika.”

Kisha nikamwambia Mama kwa Kiswahili, maana haikuwa haki kumsema mbele yake kwa lugha isiyo yake: “Mama, nimewaambia kwamba alikuachia wewe.”

“Nimesikia.”

Kwenye kile kioo kikubwa hakuniangalia mimi, alijiangalia mwenyewe, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Dada wa kiti cha pili alizima mashine ya kukausha nywele. Mwanaume kwenye simu akauliza kama bado nipo.

“Mwambie angoje,” Mama akasema. Halafu: “Waambie ni kweli, aliniachia mimi na mimi nilikubali. Waambie mimi ndiye nilivuka wa kwanza, wewe ulinifuata kunirudisha. Na waambie niligusa. Hiki kidole.” Akainua kidole gumba. “Nilikitia mafuta, nikakiweka chini ya yule nyama. Niliogopa tu. Hiyo usiseme. Ao sema.”

Nikaacha kusuka.

“Tafsiri,” akasema. “Usipunguze.”

Nikatafsiri. Hata hilo la kuogopa nililiweka. Yule mwanaume akaomba jina lake, na Mama, ambaye karatasi yake ilikuwa inaisha kabla ya yangu, akalitaja mwenyewe, herufi moja moja, kwa Kifaransa, nami nikazirudia.

Mstari niliokuwa nausuka ulikuwa umepinda. Nilitaka kuufumua.

“Acha,” akasema. “Endelea.”

Mwezi uliofuata mwongozaji aliniandikia ujumbe: amerudishiwa beji, anapanda tena. Kundi letu tusirudi kule, aliongeza, hiyo ameamua yeye, si ofisi. Alituma na picha ya ukuta. Elandi yuko palepale, na doa liko palepale chini ya mguu wake. Nimelikuza kwenye simu mara nyingi kutafuta kama kuna kiganja peke yake, au kiganja na kidole gumba juu yake. Bado sioni vizuri.