Siku Kaka Alipokataa Kunawa

Juzi fundi bomba alipomaliza kufunga masinki kwenye hoteli yangu ya Kirumba, nilifungua koki zote kwa mpigo nikasikiliza maji. Niliishia darasa la nne, rafiki yangu, na leo wasomi wanapanga foleni kwangu kula samaki wa ziwani, sato. Lakini maji yale yalinirudisha Igogo, kwenye matanga ya mjomba, nikiwa mtoto wa kushika jagi.

Miaka ile vijana wa mitaa ya Igogo na Kirumba waliibiana mashine za mitumbwi. Kaka yangu ndiye aliyewaongoza wa kwetu. Katika ugomvi huo mjomba alipigwa kafi kichwani, akafa. Kaka akaapa kaburini kwamba atalipiza kisasi.

Kesho yake mchana, uwanja ukinuka dagaa walioanikwa, akaingia kiongozi wa vijana wa Kirumba. Peke yake, mzigo wa kuni begani, kama yeyote anayekuja msibani. Wanawake wakaacha kulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tua kuni, ukae ule."

Bibi alimjua tangu anatambaa. Mama yake aliwahi kuwa jirani yetu. Akamweka mkekani, sinia moja na kaka. Kwetu huwezi kumdhuru mtu uliyekula naye sinia moja, na kunawa ndiko kukubali. Kila mtu akaitazama mikono ya kaka. Mimi nilijua zaidi: chini ya mkeka, upande wake, kulikuwa na panga. Nilimwona akiliweka.

Nikamnawisha mgeni. Nikahamia kwa kaka. Mikono yake ikabaki magotini.

"Mume wangu, ugali unapoa," bibi alimtania.

"Nimeshiba, bibi."

Jagi lilinilemea, sikuthubutu kulishusha. Mgeni aliitazama ile mikono mikavu.

"Umeona mwenyewe," bibi akamwambia taratibu. "Meli ya kwenda kisiwani, Nansio, haijaondoka. Huyu mtoto atakusindikiza hadi bandarini."

Kisha akasogea, akakaa juu ya mkeka palepale penye panga, akaanza kumega ugali. Kaka angeanzaje kumnyanyua bibi yake?

Yule bwana hakurudi tena. Kaka hakuua mtu. Leo analea wajukuu.

Ukija kwangu utakuta vioo, sabuni ya kubonyeza, masinki yanang'aa; Kirumba nzima hakuna aliyenifikia. Ila watu wananawa wakiwa wameuelekea ukuta, kila mmoja na bomba lake. Wakirudi mezani huwezi kujua ni nani aliyekuja na mikono mikavu.